Siku tano Tanga: kupiga picha peintiboli katikati ya mikonge

Nimerudi Dar wiki iliyopita na vumbi la Pongwe bado limo kwenye zipu za begi. Nimeyapanga haya kutoka kwenye daftari la mfukoni na picha elfu mbili na ushei nilizorudi nazo. Pale mwandiko ulipopotea, saa ya kamera imenikumbusha.

Kwa asiyeujua mchezo: peintiboli ni timu mbili zinazowindana uwanjani kwa bunduki za hewa zinazorusha vidonge vya rangi. Kidonge kikikupasukia mwilini, unanyanyua mkono unatoka. Mimi nasafiri na mashindano kama mpigapicha. Waandaaji wananipa ruhusa ya kuingia ndani ya wavu, chakula cha mchana na lifti ya kwenda uwanjani. Nauli, malazi na mengine yote ni juu yangu. Timu zinapata picha za kuweka mitandaoni bila malipo, anayetaka iliyosafishwa kwenye karatasi ananilipa. Nawaeleza mapema ili atakayetaka kuifanya kazi hii ajue pesa inaingilia wapi.

ALHAMISI: DAR MPAKA TANGA

Basi lilitoka Stendi ya Magufuli saa mbili kasoro robo badala ya saa moja. Nauli shilingi 20,000. Begi la kamera nilipakata mapajani safari nzima, na nakusihi nawe ufanye hivyo hata konda akikwambia kwenye buti kuna nafasi. Huko chini mzigo wako unakutana na madumu ya mafuta na magunia ya watu.

Kibaha, Mlandizi na Chalinze vilinipita nikiwa nasinzia. Niliamka Wami, kwenye daraja jipya, na nikawahi kuliona lile jembamba la zamani ambapo magari yalikuwa yakisubiriana. Mkata tukanunua maji. Tulipoiacha Kabuku tukasikia mlio chini ya viti vya nyuma, basi likayumba kidogo, dereva akalituliza pembeni. Tairi. La akiba nalo lilikuwa limeisha meno, ikabidi kijana atumwe Segera kwa bodaboda kufuata jingine. Saa moja na nusu tulikaa pale.

Mvua ya rasharasha ikaanza. Wenye pa kujificha walirudi ndani ya basi, lakini fundi alitaka gari liwe jepesi, tukaambiwa tushuke wote. Begi langu haliingizi maji kwa kiasi tu, si kwa mvua ya kusimama chini yake. Mama niliyekaa naye kiti kimoja alinitazama nikilikumbatia begi kama mtoto mchanga, akavua khanga yake ya juu akanitupia.

"Funika mzigo wako, mwanangu. Mimi nikilowa nitakauka."

Nikamwambia ndani mna kamera, na tukifika salama nitapenda kumpiga picha. Akasema tusingoje kufika. Basi nikampiga palepale, amesimama kando ya tairi lililofumuliwa, khanga moja kiunoni, ya pili imelifunika begi langu miguuni pake. Nikaandika namba yake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, ukurasa ninaouita wa wadai. Anayekubali nimpige picha ananidai picha yake, na deni hilo nalilipa kwa karatasi, kwa sababu picha ya kwenye simu inapotea simu ikiibwa. Yule mama alishuka Muheza.

Kange, stendi kuu ya Tanga, tulifika saa kumi jioni. Bajaji mpaka Ngamiani 5,000. Daladala ni rahisi kuliko hapo sana, ila kwa mizigo ya kamera sikuthubutu. Ngamiani mitaa yake inaitwa kwa namba, Barabara ya ngapi na ya ngapi, imenyooka kama mistari ya daftari, kwa hiyo mgeni anayejua kuhesabu hapotei. Chumba chenye feni na chandarua 25,000 kwa usiku. Muulize kwanza mwenye nyumba kama umeme unakatika na kama soketi zinafanya kazi zote, maana betri sita na kompyuta vinataka kuchajiwa kila usiku.

Nilikula bada kwa samaki wa mchuzi wa nazi, 6,000. Bada ni ugali wa muhogo, mweusimweusi, unavutika, na ukiuzoea sembe inakuwa kama haina ladha. Baadaye nikakaa barazani na kikombe cha kahawa na kashata, nikaangalia baiskeli zikipita bila taa, wanaume kwa wanawake, kila mmoja akimsalimia mwenzake kwa jina.

IJUMAA: UWANJA

Pikapu ya waandaaji ilinichukua saa moja na nusu asubuhi. Uwanja upo kwenye shamba la zamani la mkonge upande wa Pongwe. Wamesafisha eneo la katikati, wakazungusha wavu mrefu, wakapanga mapipa, matairi na magogo ya kujificha. Pembeni mikonge iliyozeeka imeachwa isimame na milingoti yake mirefu ya maua. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu mweusi, unapenya suruali. Waamuzi walizikata ncha zote za mstari wa kwanza kwa panga kabla hawajafanya lolote jingine, nikawaheshimu kwa hilo.

Mlinzi wa shamba ni mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge ibaki katani. Nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hizo bunduki zenu zinaua?"

Nikamwekea kidonge kimoja kiganjani. Kiganja chake ni kikavu, kina makovu meupe ya mkonge, na kile kidonge kikakaa katikati kama gololi, milimita 17 hivi, njano upande mmoja na kijani upande wa pili, na mshono mwembamba ukikizunguka pale nusu mbili zilipokutana. Akakinusa. Akakibonyeza kwa ukucha, kikabonyea kisipasuke. Nikamweleza kwamba ganda lake ni jelatini, kama la vidonge vya dawa vya rangi mbili anavyopewa zahanati, na ndani ni kimiminika kizito chenye rangi inayotoka kwa maji. Akauliza nani aliwaza kitu kama hiki.

Nikamwambia ninavyojua. Bunduki hizi mwanzo zilikuwa za watu wa misitu na wafugaji Marekani, za kutia alama miti ya kukatwa na ng'ombe wa kutengwa. Tarehe 27 Juni 1981, huko Henniker, jimbo la New Hampshire, wanaume 12 wakaingia msituni nazo, kila mtu kivyake, kukusanya bendera zilizotawanywa. Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa misitu, na alizikusanya bendera zake bila kufyatua hata mara moja. Hawakumwona tu.

Babu alikaa kimya kidogo, akasema hata mkonge ulikuja hapa kwa njia kama hiyo ya ajabu. Mjerumani, Dk. Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na mwaka 1893 ilipofika pwani hii iliyokuwa hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. "Yote hii unayoiona," akasema, akizungusha mkono. Nikampiga picha mkono ukiwa hewani na kidonge bado kimeshikwa. Naye akaingia ukurasa wa wadai.

Mchana wa Ijumaa hakuna kinachofanyika, na ni haki. Saa sita na nusu watu waliondoka kwenda kuswali, na sisi tuliobaki tukala wali wa nazi kwa mbaazi kwa mama anayepikia uwanja. Sahani 4,000 kwa asiye kwenye orodha ya waandaaji.

Alasiri waamuzi walipima bunduki zote. Kila mchezaji anafyatua mbele ya kipimamwendo, na hapa ukomo uliwekwa futi 280 kwa sekunde, yaani kama mita 85. Viwanja vingi haviruhusu kuvuka futi 300. Inayozidi inafunguliwa skrubu mpaka ishuke. Nje ya wavu kila mdomo wa bunduki unavalishwa soksi yake, kifuko cha kuzuia kidonge kisitoke. Vidonge vyenyewe vilitunzwa ndani ya deli, bila barafu, kwa sababu ya unyevu. Hewa ya Tanga inalainisha jelatini, kidonge kinavimba, kinakwama au kinapasukia ndani ya mtutu. Mwandaaji alikuwa akilifunga lile deli kila mtu alipoliacha wazi, na alilifunga mara nyingi.

Kwa mpigapicha mwenzangu masharti ni haya: maski usoni muda wote ukiwa ndani ya wavu, haivuliwi hata kwa sekunde moja ya kufuta jasho, hata mchezo ukiwa umesimama. Kizibao cha rangi ya chungwa juu ya nguo. Na usimchongee mchezaji. Hili la mwisho nilidhani nalielewa.

JUMAMOSI: MAKUNDI

Timu nane, wachezaji watano kila upande. Mbili za Tanga, nyingine za Dar, Arusha na Moshi. Kila mchezo dakika tano, ukiisha wanapumzika, wanabadilishana pande.

Asubuhi nilipoteza nusu saa nzuri kwa ukungu. Maski ilikuwa ikijaa mvuke wa pumzi yangu mpaka sikuona kioo cha kamera. Mama wa chakula akaniletea kipande cha sabuni ya kufulia, akaniambia nipake kidogo sana ndani ya kioo cha maski kisha nikipanguse kwa kitambaa kikavu, ndivyo anavyofanya mumewe kwenye miwani ya kuchomelea. Ikakubali mpaka saa nne.

Sasa nizungumzie shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Kidonge kinachokwenda mita 85 kwa sekunde, ukikipiga kwa 1/1000 ya sekunde, kinasogea sentimita nane na nusu wakati shata ipo wazi. Utapata mstari, hutapata kidonge. Kwa 1/4000 kinasogea sentimita mbili, karibu na upana wake mwenyewe, na hapo ndipo unapoanza kuona rangi ikipasuka na kufunguka kama ua. Lakini 1/4000 inataka jua. Wingu lilipotanda nilishuka 1/1600, nikaacha kuwinda vidonge, nikawafuata watu. Ukiwa nje ya wavu, isogeze lenzi mpaka karibu iuguse, fungua tundu la lenzi lote, nyuzi zitapotea.

Mchezo wa tatu nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Kijana wa timu ya Moshi alikuwa akitambaa kwa tumbo nyuma ya magogo, taratibu, hatua kwa kiwiko. Alikuwa ameshatumia dakika mbili nzima kufika pale na hakuna mpinzani aliyejua. Mwanga ulimwangukia begani vizuri mno. Nikapiga goti, nikaelekeza lenzi yangu ndefu moja kwa moja kwake. Mpinzani aliyekuwa nyuma ya pipa hakumwona yeye, aliniona mimi. Akafuata lenzi yangu ilikoelekea, akazunguka, akampiga mbavuni.

Filimbi ilipolia yule kijana alinijia. Hakupaza sauti. "Kaka, umenichongea."

Nikamwomba radhi, nikaenda kumweleza refa mwenyewe kabla hajaniuliza. Matokeo hayakubadilishwa, mchezo unakubali kwamba hata mti unaotikisika unasema kitu. Lakini mimi siyo mti. Kuanzia hapo nilibadili mwendo: nikimwona aliyejificha, naelekeza kamera mahali pasipo na mtu, natembea nikimpita, nampiga kwa lenzi pana iliyo kiunoni bila kumtazama, au nasubiri afichuke mwenyewe. Picha nyingi za namna hiyo zinaharibika. Ziharibike. Mtu ametambaa dakika mbili kwenye vumbi, si haki yangu kumtoa.

Saa tisa kidonge kilichopotea njia kilinipasukia ukingoni mwa lenzi. Kichujio cha mbele kikapata ufa, kioo chenyewe kikapona. Kichujio 30,000, lenzi sitaki hata kuitaja bei yake. Usiingie bila kichujio. Rangi ikiingia kwenye pete ya lenzi usiisugue ikiwa kavu, tumia kitambaa chenye maji kidogo, inatoka.

Jioni nilichagua picha mpaka saa sita usiku. Sina la kusema zaidi kuhusu jioni ile.

JUMAPILI: FAINALI

Fainali ilikuwa timu ya Tanga dhidi ya timu ya Dar. Ushindi raundi mbili kati ya tatu, na kila timu ilikuwa imeshashinda moja. Raundi ya mwisho ikabakisha mmoja kwa wawili: binti wa timu ya Tanga peke yake nyuma ya rundo la matairi, Dar wawili, mmoja kulia, mmoja nyuma kabisa.

Nilikuwa upande wake, hatua kumi na tano, lenzi nimeielekeza kwenye pipa tupu la katikati. Kwa pembe ya jicho niliona mgongo wake ukipanda na kushuka. Akachungulia kushoto, akafyatua vitatu vya haraka, yule wa kulia akanyanyua mkono. Uwanja mzima ukapiga kelele, Tanga ilikuwa nyumbani. Sasa ni mmoja kwa mmoja. Refa wa karibu aligeuka kumfuata aliyetoka, kuhakikisha hafyatui njiani.

Hapo, katika ile sekunde ambayo macho ya watu wote yalikuwa kwingine, binti aliinama na kutazama kisigino chake. Kidonge kilikuwa kimempasukia nyuma ya kiatu, mahali pasipofikiwa na macho ya refa wala ya mpinzani. Rangi ya njano, kama sarafu mbili. Angeweza kuipangusa kwenye vumbi. Kidonge kilishampata, hakuwa na sababu ya kujificha tena, kwa hiyo nilinyanyua kamera nikamwelekezea. Alisimama, akavuta pumzi moja, akanyanyua mkono.

Watu walidhani amesherehekea mapema. Ilichukua muda kelele kugeuka kuwa ukimya. Refa alirudi akamuuliza, yeye akageuza kiatu akaonyesha. Dar wakachukua kombe. Nahodha wao alivuka uwanja wote kwenda kumshika mkono kabla hajawafuata wenzake.

Picha ninazo tatu: ameinama anatazama kiatu, amesimama mkono ukiwa nusu, mkono ukiwa juu kabisa. Nimeichagua ya kwanza. Mlingoti wa mkonge umesimama nyuma yake, kimo chake mara tatu, na njano ya kisigino ndiyo rangi pekee iliyokolea kwenye fremu nzima.

Saa kumi na moja nilikimbilia mjini kwa bodaboda. Studio moja ilikuwa wazi, wakanisafishia picha 17 kwa 1,000 moja. Nikarudi uwanjani wakati wanakunja wavu. Babu mlinzi alipokea yake kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akauliza kama naweza kumwandikia tarehe nyuma. Mama wa chakula alicheka kuona sabuni imo kwenye picha. Kijana wa Moshi nilimpa ya lenzi pana, anatambaa, imetetemeka kidogo. Akasema hiyohiyo anaitaka.

Binti aliitazama yake muda mrefu.

"Uso hauonekani, kaka. Mama hatanijua."

Kweli, maski imefunika kila kitu. Basi nikampiga nyingine palepale, maski mkononi, jua la mwisho, alama nyekundu ya mpira wa maski ikimzunguka paji la uso na rangi imemkaukia nyweleni. Hiyo nilikuwa siwezi kuisafisha usiku ule, nikamwahidi. Ya kiatu aliichukua, akaiweka ndani ya mfuko wa bunduki, si mfukoni mwa suruali ambako ingekunjika.

JUMATATU: KURUDI

Basi la saa tatu asubuhi, Kange. Kwa atakayepiga hesabu: nauli kwenda na kurudi 40,000, malazi usiku nne 100,000, bajaji na bodaboda 21,000, chakula 58,000, kichujio 30,000, kusafisha picha 18,000. Jumla 267,000. Picha nilizouza mpaka leo zimerudisha 310,000. Faida ni ndogo, na siku tano hizi zimefuatwa na usiku tatu za kuhariri. Kabla ya kupanda nilipita studio ileile nikasafisha picha ya binti, nikamwachia nahodha wake pale stendi.

Yule mama wa khanga nilimpigia simu nikiwa Pongwe, nikamwambia basi litasimama Muheza dakika chache. Akasema atakuwepo, nisihangaike kushuka.

Muheza wauzaji walilizingira basi, machungwa yamepangwa kwenye beseni na mengine kwenye nyavu, mikono imenyooka mpaka madirishani. Sikumwona. Konda akapiga bati mara mbili, basi likaanza kujivuta. Ndipo nikamwona anakuja mbio kutoka upande wa soko, amejifunga khanga ileile, mfuko mkononi. Nikateremsha kioo mpaka mwisho, nikamnyooshea bahasha, naye akanirushia mfuko. Dereva alimwona kwenye kioo cha pembeni akapunguza mwendo.

Alikuwa ameshaifungua bahasha kabla hatujafika kwenye kona. Alikuwa akimwonyesha binti wa beseni lililo jirani, kidole chake kimeelekea chini ya picha, kwenye begi.